Herufi Mbili Tu

Wasee, kuna maneno mawili ya Kizungu yaliniaibisha nikiwa mwaka wa pili na bado sijayasahau. Mitigate na militate.

Salio la karo lilikuwa limenikaba na mtihani unaanza Jumatatu. Nikaandika barua kuomba nifanye mtihani nikiendelea kulipa pole pole. Nilitaka ionekane ya msomi, si mnajua. Nikaweka "several factors mitigate against my studies." Nilimaanisha mambo yananipiga vita: kibanda cha matha kilikuwa kimebomolewa, basari haikuja, na mimi nalala kwa sakafu ya beshte.

Jamaa wa ofisini akasoma hadi hapo, akatoa biro nyekundu, akazungushia lile neno, akacheka. "Unajua umesema nini?" Sikujua.

Sasa najua. Militate imetoka kwa Kilatini, kutumikia jeshi, ukoo mmoja na military. Kitu kikimilitate against wewe, kimekuvalia kombati. Hiyo against lazima iwe hapo. Mitigate nayo asili yake ni upole: kupunguza makali. Haitaki against, unamitigate kitu moja kwa moja. Kama umewahi kukaa kortini umeisikia. Ukishapatikana na hatia, unapewa nafasi ya kumitigate, useme ni kosa lako la kwanza, una watoto, uhurumiwe kabla hukumu haijasomwa. Na si kitu kidogo. Mwaka wa 2017, kwa kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema sheria iliyomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji inakiuka Katiba, kwa sababu moja kubwa: ilimnyima mtu nafasi hiyo ya kusikizwa.

Kwa hivyo mimi nilikuwa nimeandika kwamba shida zangu zinapunguza makali. Kwa Kizungu jamaa alikuwa sawa kabisa, siwezi kumkatalia. Lakini hakufika kwa ile sentensi ya kibanda. Alinirudishia karatasi, akasema nirekebishe nimletee kabla ofisi ifungwe.

Kusema ukweli, kutoa mitigate kuweka militate ni kubadilisha herufi mbili. Hesabu uone. Kazi ya dakika moja, na cyber ilikuwa hapo nje ya geti. Nilipita nayo nikaenda stage.

Jumatatu wenzangu wakiingia mtihani saa mbili, mimi nilikuwa kwa matha nikimsaidia kupanga mbao za kibanda kipya. Hadi leo anadhani barua haikujibiwa.