Hospitali ipi? Inategemea uzito ni wa nani

Leo sizungumzii simu mpya wala Linux. Nataka tuongee juu ya hesabu moja ambayo kila mwenye mgonjwa nyumbani huifanya kichwani, ila haiandiki.

Shangazi yangu anaishi Bura, Tana River, na figo zake hazifanyi kazi. Lazima asafishwe damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, kila mara kama saa nne. Je, aende hospitali gani? Huduma, umbali na gharama vinavutana. Katika sayansi ya tarakilishi tatizo hili huitwa uamuzi wa vigezo vingi. Njia mojawapo ni AHP, aliyoibuni Thomas Saaty miaka ya 1970: unalinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, mpaka upate uzito wa kila kimoja. Kisha unazidisha alama kwa uzito na kujumlisha. Lahajedwali inatosha kabisa.

Tuchukue hospitali mbili, alama kubwa ikiwa ndiyo nzuri. A iko jiji kubwa: huduma 9, umbali 2, gharama 3. B iko karibu zaidi: 6, 8, 7. Binamu yangu aliweka uzito wa 0.7, 0.2 na 0.1. A ikapata 7.0, B 6.5. "Si mmeona?" akasema. Shangazi naye akaweka wake: 0.3, 0.5, 0.2. A 4.3, B 7.2! Alama ni zile zile, hesabu ni ile ile.

Sasa, binamu si yeye anayepanda matatu mwili umelegea baada ya mashine. Tena umbali huko haupimwi kwa kilomita pekee. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Niño yalikata barabara pale Mororo, karibu na Garissa, na mgonjwa wa figo hawezi kungoja maji yapungue.

Lakini uzito pekee hautoshi. Ongeza hospitali C, iliyo jirani kabisa: 6, 10, 9. Kwa uzito wa shangazi inapata 8.6 na kuzishinda zote. Ila tuseme mashine zake hulala wiki nzima kwa kukosa maji safi, maana kikao kimoja hutumia takriban lita 120. Huo ndio ubovu wa kujumlisha: ukaribu unafunika kasoro inayoweza kuua. Dawa yake ni chujio la ndiyo au hapana kabla ya alama yoyote. Mashine hufanya kazi kila wiki? Kama hapana, iondoe kwenye orodha.

Kwa hivyo ukiunda programu ya aina hii, chujio aliweke daktari, uzito auweke mgonjwa. Sisi waandishi wa programu tuzidishe na kujumlisha tu.

Shangazi anakwenda B, Jumanne na Ijumaa. Je, wewe ungeupa umbali uzito gani?