Opera ya Buku na Mpiga Kinanda Asiye na Jina

Leo tuweke pembeni singeli na bongo fleva, tuongelee opera. Najua wengine mkisikia opera mnawaza ile programu ya kuingilia intaneti kwenye simu. Siyo hiyo. Hii ni tamthilia ya jukwaani, watu wanaimba badala ya kuongea, na chini mbele ya jukwaa inakaa okestra nzima.

Mimi wa kidato cha nne, tena Singida, nimeipatia wapi? Mitumbani. Kuna jamaa anauza vitu vilivyotumika, ana boksi la CD, buku moja moja. Nikaokota moja ya Naxos, haina waimbaji, ni okestra tupu inapiga vipande vya opera mbalimbali.

Cha kwanza nilichojifunza: huu muziki hauna sauti moja. Ule wa kufungulia William Tell ya Rossini, wa mwaka 1829, unaanza na chelo tano zinanong'ona, unaongeza sauti maana husikii kitu. Mara inakuja dhoruba, sabufa inataka kupasuka! Mwishoni tarumbeta na mbio za farasi, mama akauliza kutoka jikoni kama nimewasha katuni.

Lakini kilichonishika ni kipande cha dakika tatu hivi, intermezo ya Cavalleria rusticana ya Mascagni. Nikaenda kuisoma. Kwenye hadithi ni siku ya Pasaka, watu wako kanisani, jukwaa linabaki tupu, okestra inapiga peke yake. Baada ya hapo mambo yanaharibika, mtu anakufa. Mascagni mwenyewe alikuwa anafundisha muziki Cerignola, kamji ka kusini mwa Italia, akaipeleka opera yake kwenye shindano la vijana. Ikashinda, ikaonyeshwa Roma Mei 1890, akiwa na miaka 26. Miaka 26 wadau! Na alikuwa anaishi mji ambao wengi hatujawahi kuusikia.

Nikamwita rafiki yangu anayepiga kinanda kanisani aje asikie. Mimi nilikuwa nasikia violini tu, zile fidla za taarabu ya Zanzibar, ila zikiwa nyingi. Yeye katikati akanyoosha kidole: "Kuna kinanda hapo chini, sikiliza." Nikarudisha. Kweli kipo, kimetulia chini ya violini, kinazibeba. Akaniuliza, "Nani anapiga?" Tukageuza kava mbele na nyuma. Jina la okestra lipo, la kiongozi wake lipo. La mpiga kinanda halipo.

Akacheka, ila siyo kicheko cha furaha. Yeye alipiga kinanda albamu nzima ya kwaya moja ya hapa mkoani. Alilipwa elfu ishirini, mara moja, basi. Nyimbo zile unazisikia kwenye harusi, misiba na mabasi. Kwenye kava kuna jina la kwaya na namba za simu za viongozi. Yeye hayupo.

Sasa hii Naxos ilianzishwa Hong Kong mwaka 1987 na Klaus Heymann, kwa nia ya kuuza CD bei chee. Siri ni kwamba hakuchukua mastaa. Alitumia sana okestra za Ulaya Mashariki, kama za Slovakia, akawalipa malipo ya mkupuo bila asilimia ya mauzo. Ndiyo maana mtu wa kawaida aliweza kununua. Ndiyo maana na mimi ninayo.

Hapo ndipo pananiuma. Bila hao waliokubali malipo ya mara moja, opera ingebaki ya matajiri. Siwezi kulaani kitu kilichonifungulia mlango. Lakini kuandika jina hakuongezi bei ya CD hata senti. Wino ni ule ule. Hela ya produsa inaweza kuwa ndogo, hilo naelewa, Singida siyo Dar. Jina je? Rafiki yangu anaombwa kazi na watu wachache wanaomjua kwa sura, wakati wanaoijua mikono yake kwa kuisikia ni maelfu.

Wiki ijayo anaingia studio tena na kwaya nyingine. Nimemwambia kabla hajagusa kinanda aulize: jina langu mtaandika wapi? Anaogopa wataona anaringa, watafute mwingine.

Wewe ungekuwa yeye, ungeuliza ama ungenyamaza ule elfu ishirini? Dondosheni maoni hapo chini, atayasoma.