Boom langu na eya klina ya kaka

Najua nimepotea sana. Test zilifuatana, halafu ikaja ile kazi ya kikundi ambayo kikundi chenyewe ni mimi na mwenzangu mmoja, wengine wanatokea siku ya kuandika majina. Tuyaache hayo. Leo sina stori ya lekcha wala ya foleni ya chakula. Leo nawasimulia ya eya klina. Ndiyo, eya klina ya gari. Msicheke kwanza.

Wanaonifahamu wanajua nina kaka hapa hapa Dodoma. Ni fundi umeme wa majumbani. Baba alipofariki nilikuwa form two, na kaka ndiye aliyeibeba ada yangu mpaka nikamaliza form six. Hanywi, havuti. Starehe yake ni moja tu: Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, mtumba kutoka Japani, injini ya cc 1994, na turbo juu yake. Akiiwasha asubuhi mtaa mzima unajua kaka anakwenda kazini. Na kazini kwenyewe ni huko pembezoni mwa mji kunakojengwa nyumba mpya, ambako lami imeishia njiani na kilichobaki ni vumbi jekundu.

Sasa, boom lina siku mbili tu, simu ikaita.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Boom limeingia?"

Nikajua kuna jambo. Jambo lenyewe: rafiki yake alimwazima eya klina ya kisasa, ile ya umbo la koni inayokaa wazi bila boksi, na sasa anataka kumwuzia kwa Sh. 450,000. Kaka ana laki mbili, anaomba nimwazime laki mbili na nusu. Alishatembea nayo wiki saba. "Gari imekuwa nyingine kabisa, ukikanyaga unasikia turbo inavyovuta pumzi, fyuuuu!"

Jamani, mtu aliyekulipia ada unamwambiaje hapana? Nikasema sawa kaka, ila Jumamosi nije niione kwanza. Akacheka. "Mwalimu naye anataka kukagua!"

Usiku ule sikulala mapema. Mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hesabu, kwa hiyo nikageuza handout nikaanza kupiga mahesabu nyuma yake. Injini ya lita 2 ya mipigo minne inavuta lita 1 ya hewa kila inapozunguka mara moja. Ikifika mizunguko 6000 kwa dakika, hiyo ni lita kama 6000, yaani zaidi ya simtenki la lita 5000, kwa dakika moja tu! Turbo ikishindilia hewa kwa mgandamizo wa bar 1 juu ya ule wa kawaida, injini inameza karibu mara mbili ya hapo. Na kila kilo 1 ya petroli inahitaji kama kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kwa hiyo watu wa magari ya mwendo wana haki kuhangaika na hewa. Kaka hakuwa mjinga. Kichujio kinachobana kinainyima injini pumzi.

Ila kuna swali ambalo kelele ya turbo inalifunika: hiyo hewa ni ya joto kiasi gani, na ni safi kiasi gani?

Anza na joto. Koni ikikaa wazi chini ya boneti inavuta hewa iliyozunguka injini. Chukua hewa ya nje nyuzi 30, na ya ndani ya boneti nyuzi 60. Badilisha ziwe Kelvin, 303 na 333, ugawanye... ujazo ni ule ule lakini uzito wa hewa umepungua kama asilimia 9. Unanunua pumzi kwa mkono wa kulia, unaimwaga kwa mkono wa kushoto. Na wale mnaodhani lile tundu la juu ya boneti ya WRX linapeleka hewa ndani ya injini, hapana. Lile linapooza intakula, yaani rejeta ya kupoozea hewa iliyokwisha kushindiliwa na turbo. Hewa ya kuvutwa inaingilia mbele, inapita kwenye boksi la eya klina. Lile boksi watu wanalodharau lina kazi ya kuizuia injini isivute joto lake yenyewe.

Jumamosi nikaenda. Tukamkuta fundi wake, mzee wa makamo, gereji yake iko chini ya mti. Nikamwamkia, nikamwomba afungue bomba la mbele ya turbo, lile ambalo hewa inapita ikiwa imeshachujwa. Akaniangalia. "Binti, unatafuta nini humo?" Nikamwambia nataka kupangusa tu. Nikatoa leso yangu nyeupe, nikazungusha kidole ndani ya bomba.

Leso ilitoka nyekundu.

Hakuna aliyesema kitu. Kaka akaichukua ile leso, akaigeuza huku na huku, akausugua ule unga kati ya vidole. Unakwaruza. Fundi ndiye akavunja ukimya: "Huo ni msasa, bwana mkubwa. Ukichanganyika na oili unasaga silinda."

Na ni kweli. Vumbi letu limejaa chembe za kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ikipita inakula kingo za mapanga ya turbo, halafu inasaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Injini inaanza kula oili, inakosa nguvu, mwisho wake ni oveholi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana kaka bila gari hafiki site, na asipofika site halipwi. Tulikuwa tunazungumzia mkate wake, siyo kelele.

Fundi akamulika turbo kwa tochi. Mapanga yalikuwa bado mazima. "Mmewahi," akasema. Kisha akachomoa sensa ya hewa, ile inayokaa baada tu ya eya klina. Ndani yake kuna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inapima kwa hapo ni hewa kiasi gani imeingia. Ule waya ulikuwa na utando wa mafuta na vumbi. Kumbe ile koni ni ya kitambaa cha pamba kinachopakwa oili ili kinase vumbi, na mtu aliyeiosha mara ya mwisho aliimiminia oili kama anapaka mkate siagi. Waya ukivikwa koti namna hiyo unaweza kusoma hewa pungufu, kompyuta inatoa petroli pungufu, na injini ya turbo ikikosa petroli wakati umekanyaga inapata joto kali, inagonga, pistoni inaweza kutoboka. Taa ya injini ilikuwa imeshawaka mara mbili. Kaka hakuniambia. Siku hiyo ndiyo alisema.

Bado akajitetea kidogo. "Mbona magari ya rali yanafunga vitu kama hivi?" Nikamwambia kaka, Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1996, 1997 na 2000, na magari ya Safari ya miaka hiyo yalifungwa bomba refu la kuvutia hewa lililopanda mpaka karibu na paa. Lilikuwa la kuikimbia mito na vumbi. Wale mabingwa walitafuta hewa safi kwanza. Halafu wana mafundi wanaowafungulia gari kila wanaposimama, wewe una mzee mmoja chini ya mti! Fundi alicheka mpaka akakaa.

Basi wadau, kwa yeyote mwenye gari la turbo, au mwenye kaka mwenye gari la turbo, haya ndiyo niliyoondoka nayo.

Ya karatasi, ile ya kawaida, isidharauliwe. Imekunjwa kunjwa ili eneo lake liwe kubwa, na inanasa vumbi vizuri. Tena ikishika vumbi kidogo inachuja vizuri zaidi, mpaka inapoanza kuziba. Ubaya wake ni kubadilisha, na kwenye vumbi kama letu ni mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Ule mtindo wetu wa kuipuliza kwa kompresa kila wiki unaweza kuitoboa tundu usiloliona kwa macho.

Ya pamba yenye oili inapitisha hewa kwa urahisi na inaoshwa, lakini inataka mkono wa uangalifu: oili kidogo, iachwe isambae, na ikae ndani ya boksi. Ya sponji yenye oili inashika vumbi jingi, wenye pikipiki za porini wanaipenda, nayo masharti yake ni hayo hayo. Na ukibadilisha upana wa bomba linaloshika sensa, kompyuta inadanganyika mpaka ipangwe upya na anayejua.

Ila yoyote utakayochagua, angalia mzunguko wa mpira wake na klipu za boksi. Kichujio kizuri kwenye boksi lisilofunga ni sawa na chandarua chenye tundu. Halafu fanya mtihani wa leso. Hauna gharama.

Mwisho wa yote, koni ilirudi kwa mwenyewe. Boksi la zamani likarudishwa, eya klina mpya ya karatasi Sh. 35,000, sensa ikasafishwa kwa dawa yake, oili ikabadilishwa, na hozi moja iliyopasuka nikainunua mimi. Zile laki mbili na nusu sikuzitoa, na kaka hakuziomba tena.

Njiani kunirudisha hosteli alikuwa kimya. Fyuuu hakuna. Nikajua ameikumbuka ile sauti, nikajisikia vibaya, nikadhani nimemwaibisha mbele ya fundi wake. Tulipofika getini akasema, "Ada yangu haikwenda bure." Basi, hakuongeza neno. Nikashuka haraka nisije nikalia ndani ya Subaru.

Ile leso sijaifua mpaka leo. Nikienda field nitaingia nayo darasani siku ya kufundisha msongamano wa hewa na joto. Nadhani form three watanielewa kuliko nikianza na fomula.

Kwa leo niishie hapa, Jumatatu kuna test na sijagusa kitu. Mniombee.