Jiwe la Nyanya

Kwa miaka mingi kamera yangu ilijua harusi na mazishi tu. Hapa Migori hiyo ndiyo kazi yenye pesa: bibi harusi, keki, jeneza, kwaya. Jikoni nilipita tu. Aliyenibadilisha ni nyanya mmoja, dani kwa Kijaluo, wa upande wa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, pamoja na pong' yake, jiwe la kusagia.

Nilimkuta amepiga magoti, anagongagonga jiwe la chini kwa kijiwe kigumu.

"Dani, mbona unalitoboa?"

"Limelainika, mjukuu wangu. Likiwa laini mtama unateleza tu, hausagiki."

Alipomaliza nikapitisha kiganja. Lilikwaruza kama msasa. Kisha akanipa jiwe la juu, lile la kushika mkononi, na mgongo wake ulikuwa umeng'aa kwa viganja vilivyolisukuma tangu enzi za mama mkwe wake. Nikaduwaa. Mkwaruzo ule aliutengeneza kwa makusudi, na ulaini huu hakuna aliyeukusudia. Yote mawili ni kazi ya mikono ya wanawake wa boma moja.

Nikazima flashi. Mwanga unaotoka mbele hufuta vivuli, na bila kivuli vishimo vya jiwe havionekani. Tulilisogeza mlangoni, jua la asubuhi likalipiga ubavuni, na kila alama ya kijiwe kile ikajitokeza. Picha hiyo naipenda kuliko harusi zote nilizowahi kupiga.

Tangu hapo natafuta vitu viwili vinavyopingana mahali pamoja. Agulu, chungu chetu, huwa navyo: shingo iliyosuguliwa kwa kokoto ikalainika, na chini yake nakshi za kamba iliyosokotwa, iliyoviringishwa juu ya udongo ukiwa bado mbichi. Ukikibeba na mikono imelowa, utashukuru kwa nakshi zile. Agwata, kata ya kibuyu, naiweka karibu na mafiga yenye masizi. Ngozi yake ya rangi ya asali hapo ndipo inapoonekana vizuri.

Hata magofu ya mawe ya Thimlich Ohinga nayaangalia kwa macho mengine. Kuta zile za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 16, ziliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2018, na zinastahili. Lakini wageni wengi hupiga picha wakiinua kichwa. Mimi siku hizi nainama, kwa sababu ndani ya kuta zile watu walisaga, walipika, walikula, na kazi hiyo nayo iligusa mawe.

Zamani ningeandika chini ya picha "chombo cha kale". Sasa, mwenyewe akiniruhusu, naandika jina lake, nafaka anayosaga, na ni nani aliyemwachia jiwe.