Tulipofunika picha kwa kiganja



Jioni moja tuligundua kwamba mdogo wetu, kitinda mimba wa nyumba yetu hapa Bukavu, hakujua kusoma. Alikuwa akimaliza mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, na mbele ya wageni alizoea kusoma ukurasa mzima wa Kifaransa pasipo kukwama. Jioni ile mmoja wetu alifunika picha kwa kiganja, akamwomba aanzie mstari wa mwisho. Mtoto alikitazama kiganja, akatutazama sisi, kisha akaanza kutamka maneno ya mstari wa kwanza. Alikuwa ameukariri ukurasa wote kama wimbo.

Tulimwita mvivu. Tunaliandika neno hilo kwa haya, kwa maana mtoto awezaye kushika kitabu kizima kichwani si mvivu hata kidogo. Alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko ile tuliyomwagiza, ili tu asituaibishe mbele ya wageni.

Tukaanza kutafuta njia ya kumfundisha nyumbani. Kwanza tulichukua programu ya simu iliyosifiwa na jirani, ifundishayo sauti za herufi kwa Kiingereza. Yaweza kumfaa mtoto asemaye Kiingereza. Wetu alifundishwa kwamba sauti ya herufi fulani ni ile inayoanza jina la tunda fulani, naye jina hilo hakuwahi kulisikia. Kila sauti ilitundikwa kwenye neno asilolijua.

Kisha tulijaribu kitabu cha Kifaransa kiendacho silabi kwa silabi. Kilikuwa na mpango mzuri, lakini Kifaransa chenyewe kina mitego. Sauti moja ya o huandikwa «o», tena «au», tena «eau». Katika neno «oiseau» hakuna herufi hata moja inayotamkwa kama mtoto alivyofundishwa ikiwa peke yake. Mdogo wetu alirudia desturi yake: akakisia, akatazama nyuso zetu, akakisia tena.

Mwaka 2000, jopo la wataalamu nchini Marekani lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kufundisha sauti za herufi kwa utaratibu humsaidia mtoto katika kusoma. Sisi tulikuwa tumeufuata utaratibu, lakini hatukuwa tumejiuliza swali lililotangulia: utaratibu wa sauti za lugha gani? Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili. Katiba ya nchi yetu inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Hata hivyo, mioyoni mwetu tulidhani kwamba anayesoma kweli ni yule asomaye Kifaransa, na kwamba Kiswahili ni cha kuongea tu. Hicho kilikuwa kiburi chetu, na mtoto ndiye aliyekilipia.

Basi tukaanza upya, kwa kipande cha makala na mlango wa jikoni. Siku za kwanza zilikuwa za vokali tano: a, e, i, o, u. Katika Kiswahili kila moja ina sauti yake, nayo haibadiliki kutoka neno hadi neno. Kisha tukaleta m, lakini hatukuitaja kwa jina lake. Tulifunga midomo na kuivuta sauti yenyewe, hadi ikakutana na a na kuwa «ma». Zikafuata t, k, n na l. Herufi b na d tulizitenga kwa majuma kadhaa, kwa sababu zinafanana machoni. Mwisho zikaja mb, nd, ny, sh na ch. Tulifanya robo saa kila jioni, wala hatukuzidisha. Na ili tusidanganyike tena, kila siku tuliandika neno lisilo na maana, kama «bamoki» au «telufa». Neno la namna hiyo haliwezi kukaririwa wala kukisiwa; ni la kusomwa tu.

Jambo moja hatukulitazamia. Mama yetu, auzaye sambaza soko la Kadutu, aliacha masomo katika mwaka wa tatu. Kitabu cha Kifaransa kilikuwa kimemweka kando, kimya karibu na mbabula. Sasa akawa mwalimu pamoja nasi. Alitaja neno, naye mtoto akapiga makofi kwa kila silabi: sa-mba-za. Mtoto alipokosea, mama ndiye aliyesikia wa kwanza.

Baada ya miezi mitatu tulirudi kwenye Kifaransa. Alikuwa na ufunguo mkononi, tukabaki kumwonyesha tofauti: kwamba sauti yetu ya u wao huiandika «ou», na kwamba baadhi ya herufi zao hazitamkwi. Alipofika kwenye «tomate» aliitamka e ya mwisho. Tulipomrekebisha aliuliza, «Kwa nini wanaiandika kama hawaisemi?» Hatukuwa na jibu, lakini tulifurahi, kwa kuwa aliyeuliza hivyo alikuwa akiitazama herufi, si nyuso zetu.

Juma lililopita alichukua daftari la madeni la mama, ambalo sisi wakubwa humwandikia, akalisoma kwa sauti. Alisimama katikati ya ukurasa akasema, «Yaya, hapa mmeandika sabaza.» Alikuwa na haki. Mama alicheka sana, nasi tukaomba msamaha: kwa kosa la daftari, na kwa lile neno tulilomwita zamani.

Wapendwa, wengi wenu mna wadogo nyumbani. Kabla ya kutafuta kitabu au programu, tuulizane katika makundi yetu: mtoto huyu anasikia lugha gani tangu asubuhi? Nani nyumbani anaweza kukaa naye robo saa? Tukifunika picha, kinabaki nini?