Kumbe dagaa wa Kadutu wanatoka huku: siku nne za wamama wa Bukavu kule Unguja

Tangu turudi mnatuuliza kitu kimoja: kule Zanzibar mlikula nini, na mlikula njiani bila kuogopa? Tuwajibu.

Tulikuwa sita. Kila mwaka tunavuka Ruzizi, tunapita Rwanda, tunapanda basi hadi Dar es Salaam kununua vitenge na viatu vya watoto, halafu tunarudi na migongo inauma. Mwaka huu, tulipovunja sanduku la likilimba, tulipatana kuweka dolari kidogo pembeni ili tukimaliza soko tupande boti hadi Unguja, karibu saa mbili baharini, tukapumzike. Wengine walitucheka. Bwana mmoja aliuliza mama anachoka na nini. Tulienda hata hivyo.

Jioni ya kwanza tulishuka Forodhani, ile bustani iliyo mbele ya bahari kwenye Mji Mkongwe, ambapo meza za chakula hupangwa jua likizama. Tulikuwa tunasemezana Kifaransa, na kijana wa mishikaki akatutajia bei ya wazungu. Mweka sanduku wetu akamgeukia: "Mwanangu, miye si muzungu, niko mama ya Bukavu." Kijana akacheka mpaka akaweka upepeo chini. Bei ikashuka karibu nusu, ila tangu hapo kila akituona anatuomba tuseme tena "niko mama". Hata salamu ilitushinda. Watoto walituambia "shikamoo", sisi tukajibu "jambo sana", wakabaki wanatutazama, mpaka bibi mmoja akatufundisha kuitika "marahaba".

Halafu urojo. Ni supu nzito ya manjano, yenye uchachu wa embe mbichi na ndimu. Ndani wanatia viazi, bajia, kachori na nyama ya mishikaki, juu wanamwaga chipsi za muhogo na chatini ya nazi. Mweka sanduku alikataa kabisa. Hatukumcheka, sisi wa Bukavu tunakijua kipindupindu. Tukapatana hivi: tule kinachochemka au kinachotoka kwenye mafuta ya moto mbele ya macho yetu, tutazame bakuli zinaoshwa wapi, na maji yawe ya chupa iliyofungwa. Siku ya pili naye akala, akaongeza bakuli. Aliyeumwa tumbo ni mmoja tu: alikunywa maji ya bomba usiku, akiwa na usingizi.

Kutoka mjini tulihamia karibu na ufuko, upande wa Mangapwani. Sisi ni watu wa ziwa. Mmoja wetu alionja bahari kwa kidole kuhakikisha kama kweli ni chumvi. Asubuhi maji yalikuwa karibu na miguu yetu, mchana yameondoka na kuacha mitumbwi imelala kwenye mchanga. Wenyewe wanasema maji yamekupwa.

Kila asubuhi tulinunua vitumbua kwa mama aliyekaa mlangoni kwake. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa pamoja na tui la nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke, kisha unamiminwa kwenye chuma chenye vishimo vya mviringo. Sombe yetu wao wanaiita kisamvu, na wanaipika kwa nazi pahali pa mawese. Ni tamu, lakini tulipoulizwa ipi inashinda tulinyamaza kwa heshima.

Siku ya tatu harufu ndiyo ilituongoza. Tulikuta wamama wanabeba ndoo za dagaa kutoka kwenye mashua zilizovua usiku kwa taa, kama wavuvi wa sambaza kwetu. Dagaa wanachemshwa kwenye maji ya chumvi, kisha wanatandazwa juani. Mama mmoja, macho mekundu kwa moshi, aliposikia tunatoka Kongo akasema: "Basi hawa ni wenu." Wanunuzi wengi wa dagaa wale wanawapeleka Kongo.

Mwenzetu anayeuza samaki wakavu pale Kadutu aliinama, akashika wachache, akawanusa. Miaka yote amewapima hao hao kwa kopo, akijua wametoka Tanganyika. Wakaanza kuulizana bei. Wale wamama wanalipwa kwa ndoo, na mvua ikinyesha dagaa wanaoza, hakuna malipo. Mwenzetu alipotaja bei ya kopo moja Bukavu, wote walinyamaza. Mmoja akasema, "Kumbe nyinyi ndio matajiri." Hapo mwenzetu alikaa chini kwenye mchanga, akamhesabia: boti, lori, ushuru wa mipaka, vizuizi vya njiani, mtu wa katikati, mwingine wa katikati, na kinachobaki kwenye kanga yake jioni. Yule mama naye akahesabu kuni, chumvi na kodi ya jiko. Walikaa hivyo karibu saa nzima. Sisi wengine tulioga baharini na kuwaacha.

Walipeana namba za simu. Kama tunaweza kununua kwao moja kwa moja, kwa pamoja, bado hatujui. Lori ni lile lile na mipaka ni ile ile. Mwenzetu anataka tujaribu gunia moja. Mweka sanduku hataki likilimba iguswe kabla hesabu haijaandikwa kwenye daftari. Mtaamua nasi.

Tumeleta kilo mbili. Tutazipika siku ya mkutano, nusu kwa nazi, nusu kwa mawese. Nazi tunazo. Mwenye mawese amwambie mweka sanduku kabla ya Alhamisi.