Fumbwa, Jamaa wa Msonobari

Mama mdogo, aliyeolewa Walikale, huchuma fumbwa msituni. Jani lake ni pana, linang'aa. Usingedhani mmea huu, Gnetum africanum, ni jamaa wa msonobari. Ila mbegu zake, kama za msonobari, hazifungwi ndani ya tunda halisi.

Mimi nilikulia Masisi, kwenye vilima vya malisho, kwa sombe na matembele. Kwa mama mdogo nilijifunza kukusanya majani, kuyabana mkononi na kuyakata membamba kama nyuzi, kisha kuyapika kwa karanga za kusaga na mawese. Ukikata manene, utatafuna hadi kesho.

Yeye hukata matawi ya pembeni, shina akaliacha lichipue. Lakini vita imewafanya watu waogope kuingia mbali, na kando ya barabara mimea imeng'olewa mizima.

Neno fumbwa limetoka mbali, kwenye Kikongo. La Kinyanga alikuwa nalo mama mkwe wake, aliyefariki kabla sijafika na daftari. Mama mdogo analo nusu: anakumbuka lilianza na mu-. Jumamosi tunakwenda kwa mjane mwingine, ng'ambo ya mto.